Nani Aliketi Kuamua?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa wafanyakazi wa fani mbalimbali. Naiweka hapa kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku hiyo na hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi, kina mama na kina baba, na ninyi vijana mliotia saini mkataba wenu wa kwanza mwaka huu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie namna hali za kazi zinavyobadilika katika sekta mbalimbali. Nikiutazama ukumbi huu nawaona wauguzi wameketi karibu na madereva, makarani karibu na mafundi mitambo, walimu karibu na watu wa bandarini, na najua yupo anayejiuliza moyoni: mimi na huyu tuna lipi la kuzungumza pamoja? Yeye anashika usukani, mimi nashika sindano. Ndugu zangu, kila sekta hupata mashine yake kwa wakati wake, na mashine hiyo hubadilisha kitendo kinachofanywa kwa mikono. Lakini saa za kazi, ujira, usalama, nani abaki na nani aondoke, hayo huamuliwa na watu walioketi mezani. Ndiyo maana kila nitakapowasimulia mabadiliko leo nitawauliza swali moja lile lile: nani aliketi kuamua?

Naomba nianzie katika chumba ninachokifahamu vizuri.

Nilipoajiriwa mara ya kwanza niliwekwa katika chumba cha wapiga chapa. Tulikuwa watu tisa na taipureta tisa. Barua ikihitaji nakala nne, ulipanga karatasi tano na kaboni nne kati yake, ukazigonga mezani mpaka kingo zikae sawa, kisha ukaziingiza zote kwa pamoja. Ukikosea herufi moja ulifuta karatasi zote tano, moja baada ya moja, kwa kifutio chembamba, huku umechomeka kipande cha karatasi nyuma ili kaboni isiache doa. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja ambaye sote tulimwita Dada Mkubwa. Hakuwa na haja ya kutugeukia. Aliketi ametupa mgongo akisikiliza, na taipureta moja ikinyamaza kwa sekunde mbili alimtaja kwa jina aliyekosea.

Siku moja zikaletwa kompyuta mbili. Zilikaa pembeni zimefunikwa plastiki kwa majuma matatu, na katika majuma hayo matatu hakuna aliyetuambia zilikuwa za nani wala za nini. Tulizipita asubuhi na jioni kama mtu anavyopita karibu na mgeni ambaye hajatambulishwa. Kisha Ijumaa moja, saa za kufunga, wenzetu sita wakapewa barua. Tuliobaki tulifundishwa kwa siku mbili. Dada Mkubwa alikuwa miongoni mwa wale sita.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Haikupita miezi mingi, ofisi ile ikaanza kutoa barua zenye anwani zilizokosewa, zenye tarehe zisizolingana, zenye sentensi ambazo hazikuwa na mwisho. Kwa nini? Kwa sababu Dada Mkubwa alikuwa akifanya zaidi ya kupiga chapa. Alikuwa akiwasahihisha wakubwa lugha yao kabla ya kugusa herufi ya kwanza. Alikuwa akikumbuka kwamba barua ya mwaka jana kwa mtu yule yule ilisema jambo tofauti, na alikuwa akimrudisha ofisa mlangoni kumwambia, kwa adabu, kwamba hapa pana hitilafu. Waliopanga mabadiliko walihesabu vidole vyake. Alichokijua hawakukihesabu, kwa kuwa hakuna aliyemwita kumwuliza: mama, wewe hasa unafanya nini hapa?

Nalisema hili kwa uchungu, na sioni haya kuusema uchungu huo. Kazi yoyote ni fungu la vipande vingi, na mashine huchukua kipande kimoja, pengine viwili. Anayeamua bila kulifungua fungu hutupa na vipande alivyovihitaji.

Watu wa benki mlio hapa mnalijua hili kuliko mimi. Tarehe 27 Juni 1967 benki ya Barclays ilizindua mashine ya kutolea fedha katika tawi lake la Enfield, kaskazini mwa London, na mashine za aina hiyo zilipoenea wengi waliona kwamba siku za makeshia zinahesabika. Je, ndivyo ilivyokuwa? Nchini Marekani, kati ya mwaka 1988 na 2004, tawi la kawaida la benki mjini lilipunguza makeshia kutoka 20 hivi hadi 13 hivi. Lakini kwa kuwa tawi lilihitaji watu wachache, kulifungua kukawa rahisi zaidi, na matawi ya mijini yakaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Ndiyo maana makeshia hawakutoweka katika miaka ile. Kilichobadilika ni hali yao. Keshia ambaye jioni alipimwa kwa kulinganisha fedha za kisanduku chake na hesabu ya siku, sasa alianza kupimwa kwa idadi ya akaunti alizofungua na mikopo aliyoiuza. Yule aliyezoea kusifiwa kwa uangalifu akaanza kukaripiwa kwa kutouza. Baadaye ikaja huduma ya benki kwa simu, na safari hii matawi yenyewe yakaanza kufungwa. Kwa hiyo msimwamini anayewaambia kwamba mashine haijawahi kumwondoa mtu, na msimwamini pia anayesema kwamba mashine ikiingia tu kila kitu kimekwisha. Wote wawili wanaruka sehemu ngumu ya hesabu.

Sasa naomba twende bandarini, na huko nitakaa kidogo, kwa sababu sijui sekta nyingine inayolionyesha jambo hili waziwazi zaidi.

Kabla ya makontena, meli ilipakiwa kwa mikono. Mwezi Machi 1954 meli ya mizigo iitwayo Warrior ilitoka Brooklyn kwenda Bremerhaven nchini Ujerumani ikiwa na vipande vya mizigo zaidi ya 194,000: magunia, makasha, mapipa, katoni, kila kimoja kikiwa na umbo lake na uzito wake. Kila kimoja kiliguswa na mkono wa mtu, kikabebwa, kikapangwa ndani ya tumbo la meli, na kule kilikofika kikaguswa tena. Makuli wa bandarini walikuwa na ujuzi ambao haukuandikwa popote: gunia gani likae chini ya lipi, kitu gani kisilale karibu na chenye harufu, mzigo usukumweje kona ili meli ikiyumba usihame.

Na maisha yao yalikuwaje? Kwa miaka mingi, katika bandari nyingi, walikuwa vibarua wa siku. Asubuhi walikusanyika langoni, msimamizi akasimama mbele yao, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyenyooshewa kidole alirudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1889 makuli wa London waligoma wakidai peni 6 kwa saa, na pamoja na hizo walidai kwamba mtu akiitwa kazini asiajiriwe kwa muda unaopungua saa nne. Hebu fikirini vizuri dai hilo la pili. Mtu anagoma ili ahakikishiwe saa nne!

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, New Jersey, kwenda Houston, Texas, ikiwa imebeba makontena 58. Mwenye wazo hilo alikuwa Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori, ambaye alichoshwa na kuona malori yanangoja foleni huku mizigo ikishushwa kimoja kimoja. Kupakia tani moja ya mizigo ya kawaida kuligharimu dola 5.86. Kwa kontena, gharama ilishuka hadi senti 16 hivi. Ndugu zangu, tofauti ya namna hiyo ikishajulikana hakuna mgomo unaoweza kuirudisha ndani ya chupa. Kontena lilikuwa linakuja, na kila mwenye macho bandarini aliliona.

Lakini liliingiaje? Hapo ndipo bandari zilipotofautiana. Katika pwani ya magharibi ya Marekani, chama cha makuli chini ya Harry Bridges kilikaa mezani na waajiri kwa muda mrefu, na mwaka 1960 wakatia saini makubaliano. Waajiri walipata ruhusa ya kuleta mashine na kuachana na taratibu za zamani. Makuli waliosajiliwa kikamilifu, kwa upande wao, walihakikishiwa kwamba hawataachishwa kazi kwa sababu ya mashine hizo, walihakikishiwa kima cha chini cha kipato kwa juma hata kazi ikipungua, na waliotaka kustaafu mapema walipewa fedha ya kuondokea. Waajiri walikubali kuchangia dola milioni 5 kila mwaka katika mfuko wa kugharamia hayo yote. Yaani faida ya mashine iligawanywa kabla haijaisha kuingia mfuko mmoja.

London ilikwenda vingine. Huko kazi ya kibarua cha asubuhi ilikomeshwa rasmi mwaka 1967, miaka 78 baada ya ule mgomo niliowatajia, na mwaka huo huo gati za zamani za mto Thames zikaanza kufungwa. Kufikia mwaka 1981 gati zote kubwa za ndani ya jiji zilikuwa zimefungwa, makontena yakishushwa Tilbury, karibu na mdomo wa mto. Fikirini mtu aliyepigania maisha yake yote lango lile lifutwe, akalipata alilolitaka, kisha akaona kwamba hata mahali pa kuingia pamefutwa. Kontena ni lile lile, la chuma, lenye kona nane. Lililotofautiana ni meza.

Wala sisemi kwamba meza ya pwani ya magharibi ilikuwa safi. Niliwaambia: makuli waliosajiliwa kikamilifu. Walikuwapo wengine, wa daraja la pili, waliobeba mizigo ile ile kwenye gati zile zile, na makubaliano yale hayakuwakinga. Kila nisomapo historia hiyo moyo wangu hukwama hapo. Kwa hiyo swali letu lina mkia: nani aliketi kuamua, na nani aliachwa nje ya mlango? Ninyi mlio na ajira ya kudumu, mnapojadiliana na mwajiri, je, mtu wa mkataba wa miezi mitatu anayefanya kazi pembeni yenu mnamtaja?

Kutoka bandarini niwapeleke haraka kiwandani. Kuna mabadiliko ambayo hayamwondoi mtu kazini, ila humchosha mwili. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan, gari lilianza kuvutwa mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kulizunguka gari, na muda wa kuliunganisha ukashuka kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Fundi aliyejua gari zima akawa mtu wa kukaza skrubu moja kutwa nzima. Watu waliikimbia kazi hiyo. Mwaka huo kiwanda kililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kubaki na 14,000 hivi! Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ikatangaza dola 5 kwa siku na siku ya kazi ya saa nane. Wengi husimulia habari hiyo kama ukarimu. Mimi naisoma kama jibu. Maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kupiga kura kwa miguu yao, na hatimaye mtu fulani mezani akasikia. Na hata hivyo, ili kuzipata dola hizo tano zote, mfanyakazi alikubali wakaguzi wa kampuni waingie nyumbani kwake kuangalia anavyoishi. Ujira uliopanda uliletwa pamoja na jicho. Niwakumbushe tu kwamba mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu jambo hilo la saa: nane kwa siku, 48 kwa juma, viwandani.

Kuna hali nyingine ya kiwandani inayonigusa zaidi. Wanawake na wasichana waliotengeneza viberiti London walivuta mvuke wa fosforasi nyeupe, na baadhi yao mifupa ya taya ilioza ndani ya midomo yao. Mwaka 1888 waliacha kazi, wakatoka barabarani, na hali zao zikaanza kujadiliwa na watu ambao hapo kabla hawakutaka kusikia. Lakini je, mnajua jambo gani linauma? Viberiti salama, vya fosforasi nyekundu, vilikuwa vimekwisha kujulikana kwa miongo kadhaa. Njia ya kufanya kazi bila kuoza taya ilikuwepo. Ilikuwa ghali kidogo, basi. Nchi kadhaa zilikubaliana kupiga marufuku fosforasi nyeupe katika viberiti kwa mkataba wa Berne wa mwaka 1906, miaka 18 baada ya wasichana wale kutoka barabarani. Mazingira salama na yenye afya yaliingizwa miongoni mwa haki za msingi za kazi za Shirika la Kazi Duniani mwezi Juni 2022. Siyo zamani. Baadhi ya vijana walio hapa walikuwa tayari kazini.

Nimewasikia vijana wakiniuliza kabla ya mkutano: sawa, mzee, lakini mtu mmoja mmoja afanye nini mashine inapokuja? Niwape habari ya Dorothy Vaughan.

Mwaka 1943 mwalimu huyu wa hisabati aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa ndege ya Langley, jimbo la Virginia. Alikuwa Mmarekani mweusi, na kwa ubaguzi wa wakati ule yeye na wenzake weusi walitengwa katika kitengo chao peke yao. Kazi yao ilikuwa kukokotoa hesabu za wahandisi, na cheo chao kiliitwa kwa neno ambalo leo tunaliita chombo: wao ndio walioitwa kompyuta. Kufikia mwaka 1949 Vaughan ndiye aliyekiongoza kitengo hicho. Kisha zikaja kompyuta za umeme zenye kufanya hesabu zile zile kwa kasi ambayo penseli haiwezi kuifikia. Vaughan alijifunza FORTRAN, lugha ya kuipa kompyuta maagizo, akawa mtaalamu wa kuandika programu, na akawafundisha wenzake.

Naomba msiielewe vibaya habari hii. Wapo wanaoisimulia ili kumtwisha mfanyakazi mzigo wote: jifunze, usipojifunza ni shauri yako. Tazameni vizuri alichofanya. Hakuifungia elimu yake kabatini ili abaki peke yake, kama ambavyo wengi wetu, tukiwa na hofu, hufanya. Na tazameni alipokuwa: alikuwa ndani ya jengo, ameajiriwa, mashine inaingia mbele ya macho yake, na mahali pa kuitumia palikuwepo. Dada Mkubwa alikuwa na akili ya namna hiyo hiyo. Yeye alipewa plastiki ya kutazama kwa majuma matatu. Mafunzo yanayofanyika ndani ya saa za kazi, kwa malipo, kabla ya mashine kuwashwa, yanapaswa kuandikwa kwenye mkataba kama yanavyoandikwa siku za likizo. Hilo nalisema kwa uhakika, na mwajiri aliye hapa asinikasirikie.

Nimalizie kwa madereva, kwa sababu kwenu lango la mwaka 1889 limerudi. Limerudi ndani ya simu. Mtu anaamka, anawasha programu, anangoja anyooshewe kidole. Wewe, wewe, na wewe. Asiyeitwa hajui kwa nini hakuitwa, na msimamizi hana uso wa kutazamwa. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya madereva wa Uber, kwamba madereva wale walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, na kwamba muda wao wa kazi huhesabiwa tangu dereva anapowasha programu katika eneo lake akiwa tayari kupokea abiria. Yaani kungoja nako ni kazi. Makuli wa London wangeielewa hukumu hiyo bila mkalimani. Na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo linalotaka uamuzi wa kumfungia mtu akaunti yake ya kazi ufanywe na binadamu. Angalau awepo mtu wa kuulizwa: ni wewe uliyeamua?

Ndugu mwenyekiti, umenionyesha saa na nimeiona. Mezani pale mlangoni kuna karatasi na kalamu. Nawaomba mketi wawili wawili, kila mmoja na mtu wa fani nyingine, muuguzi na dereva, karani na fundi, kisha kila mmoja amwandikie mwenzake mambo matatu: kipande gani cha kazi yake kimebadilika tangu mwaka jana, alijulishwa kabla au baada, na ni nani walioketi kuamua. Usipojua waliokuwepo mezani, acha nafasi hiyo wazi, usibahatishe. Katibu atazikusanya, na nafasi zilizoachwa wazi ndizo tutakazozipeleka kwa waajiri mwezi ujao tukaulize. Wenye zamu ya usiku waanze, wasichelewe gari.